Ofisi ya kiganjani: kazi inaanzia kwenye simu, inaishia steshenari

"Kaka, hii CV umeandikia kwenye simu?"

Dada wa steshenari moja pale Ubungo alimuuliza kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, macho yake hayajabanduka kwenye kioo cha kompyuta. Jedwali la elimu lilikuwa limechanika: nusu ukurasa wa kwanza, nusu ukurasa wa tatu. Katikati kulibaki ukurasa mtupu wenye neno moja tu, "Wadhamini". Kijana akajibu kwa aibu kidogo, "Ndiyo dada, ila huku kwangu imekaa vizuri kabisa." Akanyoosha simu kuthibitisha, na kweli, kwake ilikuwa imekaa vizuri. Dada akavuta kiti, akaanza kunyoosha. Bei ya kuprinti imebandikwa ukutani. Ya kunyoosha ni maelewano.

Ukikaa dakika ishirini kwenye steshenari yoyote ya Dar utaliona tukio hilo, na utasikia na kambi mbili zikibishana. Wapo wanaosema kompyuta imepitwa na wakati, ofisi nzima iko kiganjani. Wapo pia, hasa wahasibu na makarani wa siku nyingi, wanaosema simu ni ya kupigia na umbea, kazi ina meza yake. Mimi naona kambi zote mbili zinajibu swali ambalo wengi wetu hatuna nafasi ya kujiuliza. Kijana yule hakuiacha kompyuta nyumbani akachagua simu. Alikuwa na simu, na foleni ya steshenari. Kwa hiyo la kupima ni kazi ipi simu inaimudu, ipi inaishinda, na nani anabeba gharama pale simu ya mtu inapogeuzwa ofisi ya mwingine.

Mambo yenyewe si ya zamani. Microsoft ilileta Word, Excel na PowerPoint kwenye iPad mwezi Machi 2014, na mwanzoni ulitazama bure lakini kuhariri ukalipia. Novemba mwaka huohuo ikalegeza, na 2015 zikafuata simu za Android. Google nayo ilitoa programu za simu za Docs, ya kuandikia, na Sheets, ya majedwali ya hesabu, Aprili 2014. Kisha kuna WPS ya kampuni ya Kingsoft ya China, ambayo watu wengi waliikuta tayari ndani ya simu walipoifungua kwenye boksi. Kuna vijana ambao ukiwaambia "Word" wanaelewa WPS, matangazo yake na yote.

Nianze na upande wa simu, kwa sababu una hoja nzito kuliko wasemavyo makarani. Hoja ya kwanza ni umeme. Anayekumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha Februari 2024, anakumbuka ofisi zenye kompyuta nzuri za mezani zilizogeuka mapambo. Karani aliyekuwa anaandika bila kuhifadhi alipoteza kazi ya asubuhi nzima. Aliyekuwa na faili lake kwenye Docs ndani ya simu aliendelea, kwa sababu simu ina betri na programu inahifadhi yenyewe kila anapogusa herufi.

Hoja ya pili ni kwamba simu iko pale tukio linapotokea. Mtunza stoo wa Kariakoo anayehesabu mabunda ya vitenge hawezi kubeba kompyuta ghorofa ya tatu bila lifti. Akiwa na Sheets anajaza palepale, na bosi aliyeko Posta anaona namba zikibadilika mbele ya macho yake. Zamani ilikuwa karatasi, kisha karatasi ikapotea, kisha ugomvi. Risiti ya EFD, ambayo wino wake hufifia ukiiacha juani kwenye dashibodi, inapigwa picha siku hiyohiyo ikakaa kwenye folda. Mkataba unasomwa ukiwa kwenye mwendokasi, unaweka maoni pembeni, unarudisha. Na tangu Agosti 2017 Google ilipoongeza Kiswahili kwenye lugha za kuandika kwa sauti, mtu asiyependa kibodi anaweza kuongea na maneno yakajiandika. Yanahitaji kusafishwa, ndiyo, na ukiongea pembeni ya kituo cha daladala utapata na maneno ya kondakta humo ndani. Ila ni nafuu kuliko kibodi inayojifanya inajua Kiingereza na kukubadilishia "kama" iwe "Karma" kwenye barua ya kuomba udhuru.

Sasa upande wa pili. Nirudi kwa kijana wa Ubungo, maana tatizo lake linaeleweka vibaya. Watu husema simu "imeharibu" CV. Simu haikuharibu kitu. Word ya kwenye simu inaweza kuonyesha maandishi kwa mtindo wa kujipanga kulingana na kioo, bila kurasa, ili usilazimike kuvuta kushoto na kulia. Kwa hiyo yule kijana hakuwahi kuuona ukurasa. Alisogeza maneno kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi mpaka yakalingana machoni pake. Ongeza na fonti: kama kifaa kingine hakina fonti uliyoandikia, kinaweka ya kwake, herufi zinakuwa nene au nyembamba kidogo, mstari unasukumwa, na jedwali linafuata. Dada alitumia muda wake mwingi kufuta nafasi hizo moja moja. Kama kijana angehamisha faili kuwa PDF palepale kwenye simu, angeuona uharibifu kabla hajapanda daladala, na ambacho angekirekebisha kingebaki vilevile popote kitakapofunguliwa. Ni hatua ya sekunde kumi, iko kwenye Word, Docs na WPS, na karibu hakuna anayeitumia.

CV ikivurugika inaonekana. Hesabu ikivurugika haionekani, na hapo ndipo nakubaliana na wahasibu bila ubishi. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anarekebisha ankara kwenye Excel ya simu, amesimama ndani ya gari la Mbagala, mkono mmoja kwenye bomba. Alitaka kuandika 450,000 kwenye mstari wa usafiri. Gari likafunga breki, kidole kikagusa kisanduku cha chini yake, cha jumla. Akaandika. Ile fomula ya kujumlisha ikafutika, ikabaki 450,000 kama jumla ya ankara nzima. Kwenye kioo chake aliona safu nne na mistari kama kumi hivi, hakuona kwamba juu kuna bidhaa nyingine za zaidi ya milioni mbili. Programu ikahifadhi yenyewe, ileile sifa niliyoisifia juu, na mteja akatumiwa. Mteja, kwa kweli, alifurahi sana.

Jedwali moja la Excel lina nafasi ya mistari 1,048,576. Kulitazama kwenye simu ni kama kukagua ghala kwa kuchungulia tundu la kufuli: unachokiona unakiona vizuri, lakini hujui kilicho pembeni. Makro, zile amri ambazo ofisi nyingi hutumia kuandaa mishahara au ripoti za mwisho wa mwezi, hazifanyi kazi kabisa kwenye simu. Baada ya tukio lile tulikubaliana ofisini kwetu kwamba jedwali la fedha hujengwa kwenye kompyuta, visanduku vya fomula vinafungwa kwa neno la siri, na mwenye simu anajaza vile vilivyoachwa wazi tu. Hakuna ankara nyingine iliyopungua. Zilizochelewa zipo.

Tableti nazipita haraka. Wauzaji wanazipamba kama suluhisho la katikati, na kwa kusoma, kuwasilisha mbele ya mteja au kusaini kwa kalamu ni kifaa kizuri. Ila ukinunua tableti yenye kioo cha kutosha, ukaongeza kibodi na kava lake, umefika kwenye bei ya laptop ya mtumba iliyo hai kabisa. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: Microsoft huruhusu kuhariri bure kwenye vifaa vya kioo kisichozidi inchi 10.1. Kikizidi hapo unatakiwa kulipia usajili. Na ule ubure wenyewe ni wa matumizi binafsi. Kwa kazi za biashara masharti yanataka usajili wa kulipia hata kwenye kisimu kidogo. Ni maduka mangapi ya Kariakoo yanalijua hilo, sitaki hata kukisia.

Linaloniuma zaidi ni bili. Kompyuta ya ofisi inanunuliwa na ofisi, umeme wa ofisi, intaneti ya ofisi. Simu ni ya mfanyakazi, bando ni lake, kioo kikipasuka akiwa anahesabu stoo ni hasara yake. Mwajiri amepata tawi jipya bila kulipa kodi ya pango. Na muda pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku, na saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Sasa ule ujumbe wa saa tatu usiku, "Samahani mpendwa, hebu rekebisha ukurasa wa pili unitumie, ni dakika mbili tu," unahesabiwa wapi? Zamani ungesema ofisi imefungwa. Leo ofisi iko chini ya mto wa kulalia. Wanaotetea simu watasema uhuru huo una faida pia: mama mwenye mtoto mgonjwa anamaliza ripoti akiwa kwenye benchi la hospitali badala ya kukatwa siku. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimewahi kuokolewa hivyo. Lakini uhuru wa kufanyia kazi popote na kutakiwa kufanya kazi popote ni vitu viwili, na bosi wa Kibongo asiyeandika makubaliano atachukua cha pili kila siku. Kampuni inayotaka Sheets kwenye simu za watu ilipe bando, na iseme saa ya mwisho ya kutuma ujumbe. Wanaoshindwa haya mawili wanunue kompyuta.

Kuna na suala la taarifa zenyewe kukaa wapi. Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky waligundua kwamba CamScanner ya Android, programu ya kuskani nyaraka iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, ilikuwa imebeba kirusi ndani ya kipande chake cha matangazo, na Google ikaiondoa dukani kwa muda. Fikiria ni vitambulisho vya NIDA na hati za nyumba ngapi hupigwa picha kwa programu za bure za aina hiyo, kisha simu ikauzwa Kariakoo bila kufutwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za wateja anawajibika hata kama amezikusanyia kwenye simu ya karani wake.

Faili la wingu, yaani linalokaa mtandaoni, nalo lina mipaka yake, kama tulivyoona Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Waliokuwa wameruhusu faili zao zifunguke bila mtandao waliendelea. Wengine walikaa wakizungusha kile kiduara.

Kikoba cha mtaani kwetu Sinza kilipita njia hiyo yote. Mweka hazina wa zamani alikuwa hodari, akaweka hisa na mikopo yote kwenye Sheets, kila mwanachama akawa anaangalia deni lake kwenye simu. Kisha akahamia Mwanza. Faili lilikuwa kwenye akaunti yake binafsi, simu ikaibwa, neno la siri hakulikumbuka, na waliobaki walikuwa wanaweza kulitazama tu, hawawezi kuandika. Siku hizi wamerudi kwenye kaunta buku. Mama mwenyekiti anaandika kwa peni ya bluu, marejesho kwa nyekundu, na kabla watu hawajanyanyuka kwenye viti anaupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp. Mkutano uliopita mjumbe mmoja mgeni aliuliza kwa nini wasitumie Excel. Mama akamwambia, "Mwanangu, hii hata ikiibwa wenzio wote wanayo."