Sekunde za Nürburgring hazitoshi kuilinganisha miaka ya GT3

Kila mara Porsche inapotoa toleo jipya la gari lake la kasi la 911 GT3, wapenzi wa magari hapa Nakuru huulizana swali lile lile: limeizunguka njia ya mashindano ya Nürburgring, Ujerumani, kwa muda gani, na limelipita toleo la zamani kwa sekunde ngapi? Jibu likishatolewa, mjadala huwa umefungwa, kana kwamba muda huo ni hukumu ya mahakama ya rufaa. Mimi ni mmoja wa wanaozifuatilia nyakati hizo kwa mapenzi ya dhati, na kwa sababu hiyo hiyo naona tunazitumia vibaya. Maoni yangu ni kwamba sekunde hizo, zikilinganishwa mwaka kwa mwaka bila kuuliza zilipatikanaje, hupima matairi, hali ya hewa na urefu wa njia karibu sawa na zinavyolipima gari lenyewe. Na kwa sisi tunaoishi takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, zinaweza kutupa jibu linalowafaa watu wa kwingine.

Tuanze na rekodi zenyewe. GT3 ya kwanza, ya kizazi cha 996, ilitoka mwaka 1999 ikiwa na nguvu farasi 360, na dereva Walter Röhrl akaizungusha Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 56. Mwaka 2006 ikaja 997 yenye nguvu farasi 415, nayo ikatumia dakika 7 na sekunde 42. Mwaka 2009 injini ikakuzwa hadi lita 3.8 na nguvu zikafika 435, lakini muda ukashuka hadi dakika 7 na sekunde 40 tu. Kizazi cha 991 kilipoingia mwaka 2013 na nguvu farasi 475, muda ukawa dakika 7 na sekunde 25. Mwaka 2017 kizazi hicho hicho kikapewa injini ya lita 4.0 na nguvu farasi 500, muda ukawa dakika 7 na sekunde 12.7. Kisha mwaka 2021 Porsche ikatangaza kwamba dereva wake wa majaribio Lars Kern ameiendesha GT3 ya kizazi cha 992, yenye nguvu farasi 510, kwa dakika 6 na sekunde 55.34.

Anayeisoma orodha hiyo kwa pupa ataona nguvu zikipanda na muda ukishuka, na atahitimisha kwamba cha kwanza ndicho kilichosababisha cha pili. Lakini tukiziangalia hatua mbili kati ya hizo kwa makini, hitimisho hilo halisimami. Kati ya 2006 na 2009 gari liliongezewa nguvu farasi 20, likapata sekunde mbili. Kati ya 2017 na 2021 liliongezewa nguvu farasi 10 pekee, uzito ukabaki karibu ule ule, na bado likapata sekunde zaidi ya 17. Injini haiwezi kuwa ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Iliyofanya kazi ni saspensheni ya mbele, ambayo kwa mara ya kwanza katika GT3 ya barabarani ilishikwa kwa mikono miwili ya chuma, juu na chini, kama ilivyo katika gari la mashindano la 911 RSR, hivi kwamba gurudumu linabaki limeikanyaga lami vizuri hata gari linapoinama kwenye kona. Bawa la nyuma nalo lilining'inizwa kutoka juu badala ya kuegemezwa kwa chini, ili hewa inayopita upande wake wa chini isisumbuliwe, kwa kuwa upande huo ndio unaozalisha sehemu kubwa ya mkandamizo unaolishikiza gari barabarani.

Kisha kuna matairi, na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watulie. Gari la 2017 lilivaa Michelin Pilot Sport Cup 2, tairi ambalo tayari ni kali kwa matumizi ya barabarani. Gari la 2021 lilivaa Cup 2 R, ambalo linaruhusiwa barabarani kisheria lakini mpira wake umekaribia ule wa mashindano: laini zaidi, unaoshika lami zaidi, na unaokwisha haraka zaidi. Porsche haikulificha jambo hilo. Sisi wasomaji ndio tunaolitupa tunaponukuu tarakimu peke yake. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kizazi cha 992 kina kasi ya sekunde 17 zaidi ya kile cha 991, anasema jambo ambalo takwimu zenyewe hazisemi. Zinasema kwamba 992 iliyovaa tairi fulani ilikuwa na kasi zaidi ya 991 iliyovaa tairi jingine, siku nyingine, miaka minne baadaye. Tofauti ya magari imo ndani ya sekunde hizo, na ni kubwa, lakini imechanganyika na tofauti ya mpira, na hakuna anayeweza kuitenganisha kwa kusoma matokeo tu.

Urefu wa njia nao umewapotosha wengi. Kwa miaka mingi watengenezaji walikuwa wakipima mzunguko wa kilomita 20.6, wakiacha kipande kifupi cha njia ya moja kwa moja kilicho mbele ya jukwaa la watazamaji. Tangu 2019 uwanja umeweka utaratibu rasmi wa kupima mzunguko mzima wa kilomita 20.832, na kwa kipimo hicho mwendo ule ule wa Kern mwaka 2021 unakuwa dakika 6 na sekunde 59.93. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini kuna pengo la sekunde nne na nusu. Nimeshawasikia watu wakiuchukua muda wa 2017 uliopimwa kwa njia fupi na kuulinganisha na muda wa 2021 uliopimwa kwa njia ndefu, kisha wakashangaa kwa nini maendeleo ni madogo kuliko walivyotarajia.

Ulinganisho ninaouheshimu zaidi katika historia yote ya gari hili ni ule wa 2025, ambao kwa bahati mbaya haukuzungumzwa sana kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo. Toleo lililoboreshwa la 992 halikuongezewa hata nguvu farasi moja: zilibaki 510, na msokoto wa injini ulipungua kutoka Nm 470 hadi Nm 450 kwa sababu ya masharti makali zaidi ya moshi. Hata hivyo dereva Jörg Bergmeister aliizunguka njia nzima kwa dakika 6 na sekunde 56.294, tena kwa giaboksi ya mkono, wakati muda wa 2021 ulipatikana kwa PDK, giaboksi ya Porsche inayojibadilishia gia yenyewe, haraka kuliko mkono wa binadamu. Kilichobadilika ni mpangilio wa saspensheni ya mbele, uliorekebishwa ili pua ya gari isizame sana dereva anapofunga breki. Gia, zilizofupishwa kwa asilimia 8. Na njia za hewa mbele na nyuma. Madereva walikuwa tofauti, hilo nalikubali. Lakini matairi yalikuwa ya aina moja, njia ilikuwa na urefu mmoja, na nguvu zilikuwa sawa. Kwa hiyo sekunde hizo tatu na nusu nazithamini kuliko zile kumi na saba.

Sasa tuje kwetu, kwa kuwa Nürburgring iko katika vilima vya Ujerumani vyenye kimo cha kati ya mita 300 na 620 hivi, nasi tuko karibu mara tatu ya sehemu yake ya juu kabisa. Injini ya GT3 haina turbo na haijawahi kuwa nayo. Inavuta hewa iliyopo, na ikiwa hewa ni nyembamba inapata oksijeni kidogo na kuchoma petroli kidogo. Kwa joto lile lile, hewa ya Nakuru ni nyembamba kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Nguvu farasi 510 zinazoandikwa kwenye karatasi zinakuwa kiasi cha 410 tu hapa mjini, yaani gari la 2021 likiwa Nakuru lina nguvu za gari la 2006 likiwa pwani. Kisumu, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, hasara ni ndogo zaidi. Eldoret ni kubwa zaidi, na juu kule Timboroa ni kubwa kupita zote. Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu wa Bonde la Ufa, kwani hatujawahi kuulinganisha muda wa mkimbiaji uliopatikana Eldoret na ule wa Berlin bila kutaja kimo.

Mabawa nayo yanaathirika, kwa sababu mkandamizo wa hewa hupungua kwa kiwango kile kile hewa inavyopungua uzito. Katika kona ya kasi, sehemu ya faida ambayo 992 ilipewa na bawa lake itakuwa imetoweka, ingawa kwenye njia iliyonyooka upinzani wa hewa utakuwa umepungua pia. Magari ya turbo, kama 911 Turbo au Subaru na Mitsubishi tulizozizoea, hujitetea vizuri zaidi kwa kuwa turbo huikandamiza hewa kabla ya kuingia injini. Lakini turbo hulazimika kuzunguka kwa bidii zaidi na hewa hutoka ikiwa moto zaidi, kwa hiyo nayo haisalimiki kabisa.

Kwa mtu wa huku, basi, orodha ya miaka ya GT3 inapaswa kusomwa upya kwa kuuliza ni nini katika kila toleo kisichoibiwa na kimo. Breki haziibiwi. Giaboksi haiibiwi. Saspensheni haiibiwi. Ndiyo maana kwangu toleo lenye umuhimu mkubwa zaidi katika historia hii ni lile la 2013, lililoleta PDK, magurudumu ya nyuma yanayogeuka pamoja na usukani, na umbali mrefu zaidi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Sekunde 15 lililozipata dhidi ya toleo la 2009 zilitokana kwa sehemu kubwa na mambo ambayo yangefanya kazi Nakuru kama yanavyofanya Ujerumani. Gia fupi za 2025 nazo nazihesabu katika kundi hilo, kwani zinairudishia injini iliyokosa pumzi sehemu ya msukumo inapotoka kwenye kona. Kinyume chake, zile nguvu farasi 20 zilizoongezwa mwaka 2009 tungezipoteza zote kabla ya gari kufika Naivasha kutoka Mombasa.

Lazima niongeze jambo ambalo hakuna saa inayolionyesha. Magari ya kwanza ya toleo hilo la 2013 ninalolisifu yalikumbwa na hitilafu ya boliti za fimbo za pistoni, baadhi yakashika moto, na mwaka 2014 Porsche ikaamua kubadilisha injini za magari yote 785 ya mwaka huo wa modeli. Anayechagua mwaka kwa kutazama sekunde peke yake hataliona hilo mahali popote. Kwa mnunuzi wa Kenya uchaguzi wenyewe umeshapunguzwa na kanuni inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo 996, 997 na hata 991 ya 2013 zinabaki kuwa za kusomwa zaidi kuliko za kuagizwa.

Na jamani, elimu ya kulinganisha hatuikosi. Tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, hakuna shabiki makini wa kaunti hii anayeweka muda wa Kedong, mojawapo ya hatua za mashindano hayo, wa mwaka mmoja kando ya muda wa mwaka mwingine na kutangaza gari bora. Tunauliza kwanza kama mvua ilinyesha, kama vumbi laini lilikuwa limefika katikati ya magurudumu, na kama njia ilikuwa na urefu ule ule. Mwaka 1978, Vic Preston Jr alipomaliza wa pili katika Safari kwa Porsche 911 SC, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, hakuna aliyedhani kwamba matokeo hayo yangeweza kuelezwa bila kutaja matope. Uangalifu huo huo ndio ninaoutaka tunapozungumza juu ya lami.

Ombi langu kwa wanaoandika na wanaojadili ni kwamba muda wowote wa GT3 utajwe pamoja na jina la tairi, urefu wa njia, joto la siku hiyo na dereva. Hata hivyo usawa kamili utabaki mgumu: 997 ina rimu za inchi 19, 991 za inchi 20, na 992 ina za inchi 20 mbele na 21 nyuma, kwa hiyo haiwezekani kulihamisha tairi lile lile kutoka gari moja hadi jingine, kinachowezekana ni kutumia mpira wa familia moja. Yakiletwa magari ya 2009, 2017 na 2021 katika hali hiyo, siku moja, chini ya dereva mmoja, nadhani pengo kati ya hayo mawili ya mwisho litashuka chini ya sekunde kumi kwa mzunguko wa Nürburgring, na sehemu kubwa ya kitakachobaki itaonekana pale gari linapofunga breki likiwa tayari limeanza kuingia kwenye kona.