Mraibu Hana Likizo

Katika miaka ya 1990, ndugu waliokwenda kwa polisi wa Vancouver, Kanada, kuripoti binti au dada aliyetoweka mtaa wa Downtown Eastside walirudishwa na jibu lilelile: huyo ni mtu mzima, anatumia dawa za kulevya, anahamahama, atajitokeza mwenyewe. Mwisho wa kisa hicho unajulikana. Robert Pickton, mfuga nguruwe wa Port Coquitlam, karibu na Vancouver, alikamatwa Februari 2002, akatiwa hatiani 2007 kwa mauaji ya wanawake sita, na shambani kwake yalipatikana masalia au vinasaba vya wanawake 33. Nalirudia lile jibu la kaunta kwa sababu bado linatolewa, na wanaolitetea si wajinga.

Wanasema mtu mzima ana haki ya kuondoka bila kumuaga yeyote, na ni kweli. Mwanamke anayemkimbia mwanamume anayempiga hatawashukuru polisi wakifichua alipojificha. Wapo waliokuwa kwenye orodha ya Vancouver waliokuja kupatikana wakiwa hai. Tena, bila mwili na bila mahali pa tukio, mpelelezi hana pa kushika, na watu wengi wanaoripotiwa kupotea hurudi baada ya siku chache. Lazima achague nani atafutwe kwanza.

Ila angalia alichaguliwa nani akae nyuma. Uraibu ulifanywa sababu ya kutoshtuka, na hapo ndipo hesabu ilipogeuzwa kichwa chini. Aliyewahi kuishi nyumba moja na mtumiaji wa heroini anajua jinsi maisha yale yalivyo na ratiba kali. Siku haiishi kabla arosto, maumivu ya kukosa dawa, haijamkamata: makamasi, jasho, tumbo linasokota, mifupa inauma kama imepondwa. Mtu huyo hafungi safari kwenda asikojulikana, kwa sababu huko hana pusha, yaani muuza dawa, anayemwamini wala kona anayoijua. Kama anatumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mara nyingi hutakiwa kufika dirishani kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Hundi ya msaada wa serikali hutoka kwa tarehe inayojulikana, na tarehe hiyo mtaa mzima huwa macho. Mfanyakazi wa ofisini anaweza kuzima simu wiki mbili na kuwa salama kabisa ufukweni. Mraibu hana likizo. Akikosa dozi yake, akaiacha hundi bila kuichukua, kuna jambo limempata, na wa kwanza kulijua ni wale wanawake anaosimama nao usiku.

Kule Vancouver hundi zilibaki bila wenyewe. Wenzao walisema, ndugu wakasema. Mwaka 1998 Kim Rossmo, mpelelezi wa jeshi hilohilo la polisi, alionya kwamba huenda kuna muuaji mmoja anayewafuata wanawake hawa. Wakubwa wake hawakumwamini. Tume ya uchunguzi ya Wally Oppal kuhusu kisa hiki, iliyotoa ripoti yake 2012, ilikuta ubaguzi uliojengeka ndani ya mfumo, hata pale ambapo hapakuwa na askari aliyekusudia ubaya. Karibu theluthi moja ya waliotoweka walikuwa wanawake wa jamii za asili, ambazo ni sehemu ndogo sana ya wakazi wa jimbo la British Columbia.

Lakini kinachoninyima usingizi katika faili lile ni nguo. Machi 1997 mwanamke mmoja alitoroka kutoka shamba la Pickton akiwa amechomwa visu, pingu ikining'inia mkononi. Alinusurika. Pickton alishtakiwa kwa kujaribu kuua, na Januari 1998 mashtaka yakasimamishwa, kwa kuwa shahidi alikuwa mtumiaji wa dawa na mwendesha mashtaka aliona hayuko katika hali ya kutoa ushahidi. Mavazi na viatu vya mshtakiwa vilivyochukuliwa usiku ule viliwekwa stoo. Vilipimwa 2004. Vilikuwa na vinasaba vya wanawake wawili wengine waliotoweka. Miaka saba ushahidi ulikaa kwenye kabati la polisi, na kwa miaka karibu minne baada ya mashtaka kusimamishwa wanawake waliendelea kupotea. Uraibu uleule uliowafanya waliopotea wasitafutwe ndio uliomfanya aliyerudi asisikilizwe.

Hofu ya faragha ilikuwa na uzito wake, na sheria imeijibu. Tangu 2015 British Columbia ina sheria ya watu waliopotea: polisi wanaweza kupata rekodi za simu au za benki kabla ya kushuku jinai. Anayekutwa hai, aliyeondoka kwa hiari yake, huulizwa iwapo anataka ndugu waambiwe alipo. Sioni anachopoteza kwa kuulizwa.

Pickton aliuawa gerezani 2024. Mashtaka 20 ya mauaji mengine yalikwisha kusimamishwa 2010, na wapo wanawake wa orodha ile ambao mpaka leo hakuna hata unyayo wao uliopatikana. Polisi wameiomba mahakama ruhusa ya kuondoa maelfu ya vielelezo vya shamba lile, na baadhi ya familia zimepinga. Wanataka vielelezo vile viendelee kutunzwa.