Wivu na husuda ni vitu viwili
Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu wivu anasema wivu ni hofu, hasira na huzuni zilizokorogwa pamoja, ndiyo maana haumo katika zile hisia 6 za msingi ambazo mwanasaikolojia Paul Ekman alizisoma kwenye nyuso, hata za watu wa kabila la Fore kule Papua New Guinea. Nakubali, ila ameuchanganya na husuda. Mwanangu wa miaka 3 alipopata mdogo wake alianza tena kukojoa kitandani, na nikimnyonyesha huyo mtoto mchanga, mkubwa aling'ang'ania mgongo wangu. Hakumtakia mwenzake mabaya, aliogopa kunipoteza. Mwenye husuda huumia kwa neema ya mwingine hata kama yeye hakupungukiwa kitu. Mwanangu huyo nilimchapa kwa wivu wake, na hadi leo inaniuma. Wazazi wenzangu, watoto wenu waliuonyesha wivu vipi?