Pini, Pasi na Beberu wa Mnada

Fundi wangu wa nguo, mwenye kibaraza chake Ngamiani mjini Tanga, alikuwa na utaratibu mmoja niliouheshimu kuliko hata mishono yake. Kabla ya kumkabidhi mteja nguo aliigeuza nje ndani, akaipitishia sumaku polepole kuanzia ukosi hadi upindo, na kila pini iliyosahauliwa ilichomoka kwenye kitambaa na kuirukia sumaku hiyo kwa mlio mdogo wa "tik". Sumaku yenyewe nilimpa mimi. Niliitoa katika diski ya kompyuta iliyokufa katika shule ninakofundisha fizikia, nikampelekea pamoja na onyo, lililotolewa mbele ya wateja wawili, kwamba isikaribishwe kwenye moto.

Siku ya sikukuu ya mavuno nilivaa suruali mpya ya suti aliyonishonea. Ibada ilipita salama, kwa kuwa pini ilikuwa imelala sambamba na mshono wa nyuma na haikuwa na ugomvi na mtu. Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada, ambako maboga, mikungu ya ndizi na kuku walinunuliwa kwa bei ambazo sokoni zingeitwa wizi lakini kanisani huitwa sadaka. Hatimaye akaletwa beberu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa amefika shilingi 180,000 na anauliza kama yupo wa kuongeza, nami nikachagua dakika hiyo kukunja nne kwenye kiti cha plastiki. Mshono ulivutika, pini ikasimama.

Niliruka juu, mkono wa kulia ukiwa hewani, na mdomo ukatoa sauti ambayo mzee yule aliisikia kuwa ni laki mbili. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Mwalimu ameguswa, na kwa kweli nilikuwa nimeguswa, ingawa si mahali alipodhania. Mke wangu, aliyeshika mkoba wenye fedha za ada ya watoto, hakupiga kigelegele.

Kesho yake nilifika kibarazani mapema, nikiwa na pini katika bahasha kama kielelezo cha mahakamani. Fundi aliipokea kwa heshima, akaitazama kwenye mwanga, kisha akatoa hukumu.

"Pole sana, Mwalimu. Sumaku imechoka. Tangu Ramadhani imevuta pini za watu wengi mno."

Wateja waliokuwapo walikubaliana naye, na hapo ndipo uchungu wa beberu uliponitoka na uchungu wa fizikia ukaniingia. Sumaku haiishi nguvu kwa kuvuta. Pini inapoirukia, nishati kidogo hutumika, lakini fundi anapoibandua kwa vidole anairudisha yote kwa jasho lake mwenyewe, kwa hiyo hesabu inabaki sawa hata akivuta pini za Tanga nzima. Nilimwambia kwamba sumaku ya kudumu huharibiwa na mambo mengine: joto, uga wa sumaku (yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi) ulio mkali na unaoikabili kinyume, kutu, na mapigo, hasa zile sumaku za zamani za feleji ambazo wanafunzi wangu huziangusha sakafuni kila muhula.

"Basi iletwe," alisema fundi, kwa utulivu wa mtu asiye na hatia.

Ilitafutwa kwenye droo, chini ya cherehani na ndani ya kopo la vifungo. Kijana wake wa kazi, aliyekuwa akinyoosha gauni la kitenge, alituuliza tunatafuta nini, akaambiwa. Akainua pasi ya mkaa kutuonyesha. Sumaku ilikuwa imebandikwa ubavuni, chini kidogo ya yule jogoo wa chuma anayefunga mfuniko, ikiwa imebabuka ile ngozi yake ya nikeli inayong'aa. Kijana alieleza kwamba ameihifadhi hapo kwa wiki kadhaa ili isipotee, na kwamba ni mahali pazuri kwa sababu inajishika yenyewe.

Sumaku za aina hii, za neodimi, chuma na boroni, zilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa huko Japani, na wakati uleule na watafiti wa kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani. Kwa nguvu hazina mpinzani, lakini zile za kawaida hazitakiwi kupita nyuzi 80 za Selsiasi, kiasi ambacho pasi yenye mkaa unaowaka hukipita kabla fundi hajamaliza kuipepea. Ndani ya sumaku, atomu zimeelekea upande mmoja kama wanafunzi kwenye paredi. Joto huzitikisa, na maeneo mazima hugeuka yakatazama kinyume. Pasi ikipoa hayageuki tena kurudi. Joto likifika kama nyuzi 310, paredi yote huvunjika. Kiwango hicho huitwa nyuzi za Curie, kwa heshima ya Pierre Curie aliyechapisha utafiti wake juu ya jambo hilo mwaka 1895. Kwa chuma chenyewe ni nyuzi 770, ndiyo maana pasi iliendelea kumshika mgeni wake kwa ukarimu wakati mgeni anazimia.

Tuliijaribu. Iliinua pini mbili kwa shida na kuidondosha moja.

Jirani muuza soda alijitolea kuilaza kwenye friji mpaka adhuhuri ili ipate nguvu mpya. Ilitoka ikiwa baridi na dhaifu vilevile, kwa maana kinachohitajika ni kuiingiza upya katika uga mkali wa sumaku, na mashine ya kazi hiyo haipo Ngamiani. Kijana, kwa kutaka kujikomboa, aliipiga nyundo moja "kuizindua". Neodimi ni ngumu lakini haina ustahimilivu; ikavunjika vipande, na kimoja kikaruka ndani ya gauni la kitenge.

Fundi, ambaye ni mtu wa vitendo, alikwenda kwa mrekebishaji wa redio akarudi na duara jeusi la feriti, yaani sumaku ya kauri, kutoka katika spika iliyoungua. Feriti ni dhaifu kuliko neodimi, lakini huvumilia joto la nyuzi 250 bila malalamiko, na hii ilikuwa kubwa kiasi cha kukokota mkasi mezani. Aliniomba suruali yangu, niliyokuwa nimeibeba kama ushahidi, akaigeuza nje ndani na kuipitisha sumaku mpya kwa fahari.

Ikasikika "tik".

Aliishika pini ya pili kwa vidole viwili, akaniangalia, akauliza kwa adabu kamili: "Mwalimu, mnada ujao wananadi nini?"