Abolir na mapengo yake: yazibwe au yaachwe?

Vitenzi vipungufu vya Kihispania ni vile ambavyo baadhi ya sura zake hazitumiki. Kinachozua ubishi zaidi ni abolir, kufuta sheria au desturi. Kanuni ya zamani ilikiruhusu pale tu kiishio kinapoanza na i: abolimos, abolís, abolía, abolió. Hivyo katika wakati uliopo "mimi", "wewe", "yeye" na "wao" zilibaki tupu.

Jaribu kuzijaza uone tatizo. Dormir, kulala, hugeuza o kuwa ue mkazo unapoiangukia: duermo. Ukifuata njia hiyo unapata abuelo, na abuelo ni babu. Ukiiacha o ilivyo unapata abolo, ambayo sikio la wengi halijaizoea. Msemaji akisita namna hiyo, huliacha neno na kushika jingine.

Akademia ya Kifalme ya Uhispania, katika kamusi yake ya mashaka ya mwaka 2005, ilizikubali sura zote bila kugeuza irabu: abolo, aboles, abole. Agredir, kushambulia, nacho kikapata agredo. Naona ni haki, maana sura hizo zilikwisha kuandikwa, na mwandishi wa habari anahitaji kusema "bunge linafuta" bila kuzunguka. Lakini wanaoshikilia mapengo wana hoja nzito: ruhusa haiondoi kigugumizi, na msomaji aliyefunzwa kanuni ya zamani ataiona abole kuwa kosa. Basi mwanafunzi afundishwe kuitambua abole na kutoisahihisha. Akiandika mwenyewe kuhusu sheria, derogar, kitenzi kingine cha kufuta sheria, inamtosha.

Kosa kubwa ni kuvitia vitenzi vyote kapu moja. Soler, kuwa na kawaida ya kufanya jambo, kina suelo (wakati uliopo) na solía (wakati uliopita) lakini hakina wakati ujao, na hapo kizuizi ni maana, si irabu. Atañer, kuhusu, hubaki nafsi ya tatu: esto me atañe. Kwetu kubidi kuna tabia hiyohiyo: twasema "inabidi niende", hatusemi "ninabidi". Mapengo ya aina hii hayazibwi kwa tangazo la akademia yoyote.

Balbucir, kubabaika kwa maneno, hakina balbuzco wala balbuzca. Hapo chukua balbuceo na balbucee kutoka kwa pacha wake, balbucear.