Utafiti usiohakikiwa: tuusome au tuusubiri?

Mwezi Januari 2025 Gates Foundation, mmoja wa wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya duniani, ilianza kutekeleza sera mpya. Mtafiti anayepokea ruzuku yake sharti aweke makala yake mtandaoni hata kabla haijahakikiwa na wataalamu wenzake, na ada za majarida hazilipwi tena na mfadhili huyo. Miezi miwili baadaye, bioRxiv ya baiolojia na medRxiv ya tiba, hazina mbili zinazopokea makala za namna hiyo, ziliondoka mikononi mwa maabara ya Cold Spring Harbor ya Marekani na kukabidhiwa openRxiv, shirika jipya lisilo la kibiashara. Habari kama hizi hupita kimyakimya. Hata hivyo zinamgusa yeyote anayesoma kwamba “utafiti mpya umegundua” na kujiuliza aliyeukagua utafiti huo ni nani.

Kwa utaratibu wa zamani, mhariri wa jarida huwapelekea makala wahakiki wawili au watatu. Hao husoma bila malipo, huuliza maswali, hudai marekebisho, na miezi hukatika. Kwenye medRxiv makala hupekuliwa kwa siku chache tu, kuona kama si wizi wa maandishi au jambo la kuhatarisha afya ya umma, kisha hutundikwa ikiwa na onyo kwamba isitumiwe kuongoza matibabu wala isitangazwe kama jambo lililothibitishwa. Ni onyo zuri. Nina shaka na idadi ya wanaolisoma.

Wanafizikia wamezoea mtindo huu tangu 1991, ilipoanzishwa arXiv, na hawajajuta. Mwaka 2011 kundi la OPERA liliweka humo matokeo yaliyoonyesha chembe za neutrino zikiipita kasi ya mwanga. Dunia ikashtuka, wenzao wakachambua, na hatimaye ikabainika kuwa kebo ilikuwa imelegea. Hakuna aliyelazwa hospitalini kwa kosa hilo. Kwenye tiba mambo ni mengine, kwa sababu kati ya makala na mdomo wa mgonjwa pana hatua chache sana.

Wanaotetea kasi wana ushahidi mzito. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa jaribio la RECOVERY nchini Uingereza walitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Madaktari walinung’unika, na walikuwa na haki, kwamba wamepewa tangazo bila takwimu kamili. Takwimu zilifika tarehe 22 kupitia makala ya awali, yaani ile isiyohakikiwa bado. Jarida lilichapisha tarehe 17 Julai. Siku hizo 25 zilizookolewa, katikati ya janga, ni watu.

Katika jenetiki hoja ya kasi ina nguvu zaidi. Mwaka 1996 wanasayansi wa mradi wa jinomu ya binadamu walikutana Bermuda wakakubaliana kutoa hadharani mpangilio wa DNA ndani ya saa 24 baada ya kuusoma, bila kungoja jarida lolote. Utamaduni huo ndio uliofanya mpangilio wa kirusi cha korona, uliosomwa na timu ya Zhang Yongzhen nchini China, uwekwe wazi Januari 11, 2020 kwa msaada wa Edward Holmes wa Australia. Kufikia Machi 16 mtu wa kwanza alikuwa ameshadungwa chanjo ya majaribio ya Moderna. Hebu fikiria kama mpangilio ule ungesubiri wahakiki!

Sasa upande wa pili. Novemba 2020, kwenye hazina iitwayo Research Square, iliwekwa makala kutoka Misri iliyodai kuwa ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea, hupunguza vifo vya korona kwa zaidi ya asilimia 90. Dai hilo likaingizwa kwenye tathmini zinazojumlisha tafiti nyingi, na watu wakaanza kumeza dawa. Ilichukua hadi Julai 2021 makala kuondolewa, baada ya mwanafunzi wa udaktari mjini London kukuta maandishi yaliyonakiliwa, wagonjwa waliorudiwa kwenye orodha, na waliokufa kabla utafiti haujaanza. Hesabu ziliporudiwa bila utafiti huo, manufaa makubwa yaliyodaiwa yalififia. Imani ya watu kwa dawa ile, je? Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo ndipo watetezi wa majarida husema: mnaona? Nami ningekubaliana nao kama isingekuwa Surgisphere. Mei 22, 2020 jarida la Lancet, mojawapo ya yanayoheshimika zaidi duniani, lilichapisha makala iliyohakikiwa ikidai kutumia rekodi za wagonjwa wa korona 96,000 kutoka hospitali 671, na kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, huongeza vifo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha sehemu ya jaribio lake la dawa hiyo. Juni 4 makala ikabatilishwa, kwa kuwa kampuni ya Surgisphere iliyodai kumiliki rekodi hizo haikukubali wakaguzi wa nje wazione. Kuna na ile ya Andrew Wakefield ya 1998, jarida lilelile, watoto 12 tu, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Ilibatilishwa Februari 2010. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 12.

Ukiiweka ivermektini kando ya Surgisphere, unaona kasoro ni ileile: data iliyofungiwa. Moja haikuhakikiwa, nyingine ilihakikiwa, na katika zote mbili hakuna msomaji aliyezigusa rekodi zenyewe kabla ya dai kusambaa. Ile ya Misri ilifichuliwa pale tu faili lake lilipofunguliwa kwa kubahatisha nywila, nayo ilikuwa 1234. Mhakiki wa kawaida hapewi faili la wagonjwa. Hupewa jedwali zilizokwisha kupikwa, kisha huombwa aamini jiko.

Kwa hiyo ubishi wa kusoma kabla au baada ya uhakiki naona umekaa pabaya. Mpangilio wa DNA uwekwe hadharani siku hiyohiyo, kwa sababu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua mwenyewe. Dai kwamba dawa fulani inaokoa maisha lisipokelewe popote, hazinani wala jaridani, bila rekodi zake kufikiwa na mkaguzi asiye na maslahi. Sera ya Gates Foundation inadai data nayo itolewe, na kwangu hilo lina uzito kuliko sharti la makala ya awali.

Pingamizi zipo, na si za kupuuzwa. Rekodi za wagonjwa zina siri zao, na data ya vinasaba haifichiki kwa kufuta jina tu, maana vinasaba vyenyewe vinaweza kumtambulisha mtu na nduguze. Kisha kuna kundi dogo la watafiti lililokusanya sampuli kwa miaka mingi. Likiweka kila kitu wazi, wenye kompyuta kubwa watachambua na kuchapisha kabla yake. Kwa sampuli za namna hiyo ningeacha mkaguzi aingie chini ya mkataba, faili lisitawanywe.

Kikwazo kigumu zaidi ni cha ajira. Vyeo na ruzuku bado huhesabiwa kwa majina ya majarida. Mwaka 2023 jarida la eLife liliacha kukubali au kukataa makala baada ya uhakiki; huichapisha pamoja na maoni ya wahakiki, yawe matamu au machungu. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Clarivate, inayotoa alama za umaarufu wa majarida, ikaamua kuwa eLife haitapewa tena alama hiyo. Profesa aliyekwisha kufika hatikiswi na uamuzi huo. Anayeuhesabu ni mtafiti kijana mwenye mkataba wa miaka miwili, ambaye kamati ya ajira itafungua wasifu wake na kutafuta alama.