Dawa ndani ya uji

Wauguzi wa kliniki za afya ya akili hapa Moshi wanalijua swali hili. Huulizwa kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa kwenye benchi nje: "Sista, nikimsagia vidonge nikamtilia kwenye uji, kuna ubaya?" Anayeuliza mara nyingi ni mama.

Nianze upande wake, maana wanaomhukumu haraka ni wengi. Kijana wake halali, anajibizana na watu wasioonekana, na yeye mwenyewe anaapa kwamba ni mzima. Kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, kutojua kwamba unaumwa mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala si jeuri. Kumwambia mama asubiri mpaka mwanawe akubali ni kumtaka kijana atumie kitu ambacho ugonjwa umeshamnyang'anya. Njia nyingine anaijua: vijana wanne wa mtaa, kamba, gari la kukodi, majirani dirishani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa bila ridhaa yake, lakini sheria haimwambii mama atamtazamaje mwanawe akirudi. Ukilinganisha na kamba, kikombe cha uji kinaonekana ni huruma.

Tena mzigo huu hakujitwisha mwenyewe. Zamani kijana kama huyo angepelekwa Dodoma, Mirembe, hospitali iliyoanza 1927. Miaka ya 1980 Kilimanjaro na Morogoro zikawa mikoa ya majaribio ya mpango wa kuzileta huduma hizi karibu na watu, hadi kwenye vituo vya afya na zahanati. Ulikuwa uamuzi mzuri, na sioni sababu ya kurudi nyuma. Ila kilichohamia nyumbani ni kazi ya muuguzi, muuguzi mwenyewe akabaki kituoni. Wodini anatoa kidonge, anahakikisha kimemezwa, anaandika kwenye chati, kisha anamwangalia mgonjwa. Nyumbani mama anafanya yote hayo peke yake, tena kwa siri.

Hapo ndipo upande wa pili unapoanza kuwa mzito. Haloperidoli, mojawapo ya dawa zinazotumika sana, inaweza kumkakamaza mtu katika siku za mwanzo, hasa akiwa kijana wa kiume: shingo inapinda, macho yanapanda juu, taya linakaza. Hali hiyo hutulizwa kwa dawa haraka, iwapo aliyempokea anajua mgonjwa alimeza nini. Asiyejua amemeza nini atasema amerogwa. Akikimbizwa zahanati ya jirani, nako huenda wakadhani ni pepopunda. Vilevile kuna dawa zilizotengenezwa ziachie nguvu yake polepole. Ukizisaga, dozi nzima inaingia kwa mkupuo. Uji nao hauna kipimo: leo ameacha nusu, kesho mdogo wake amemalizia. Na kama kijana ni dereva wa bodaboda? Atasinzia barabarani bila kujua kwa nini. Jioni atakunywa mbege zake kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asichanganye.

Kubwa kuliko hayo yote ni hili. Wagonjwa wengi wenye saikosisi, yaani waliopotelewa na uhalisia kama kijana huyu, huogopa kwamba kuna mtu anawatilia sumu kwenye chakula. Siku kijana akiona ungaunga chini ya kikombe, mama yake atakuwa ameuthibitisha ugonjwa. Kuanzia hapo atakataa dawa, na chakula cha nyumbani pia. Hata asipogundua, tatizo lipo palepale: akipata nafuu ataamini amepona bila dawa, na kwa anavyojua yeye, hakosei. Hapo utamshawishi vipi aendelee?

Watetezi wa haki husema mtu hapaswi kutibiwa kwa kudanganywa, nao wana msingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. (Ni kweli pia kwamba watetezi hao hawalali kwenye nyumba ya mama yule.) Mimi ningeongeza kwamba si kila anayegoma dawa amepotelewa na akili. Mwingine anagoma kwa sababu mikono inatetemeka, mwili unanenepa, au nguvu za kiume zimekwisha. Hilo la mwisho hatalisema mbele ya mama yake, na kliniki zetu humwona mgonjwa akiwa na ndugu chumba kimoja. Huyu akipewa dakika chache peke yake na muuguzi, dozi ikapunguzwa au dawa ikabadilishwa, anaweza kurudi kwenye matibabu. Kumtilia kwenye uji ni kumziba mdomo.

Wengine watasema achomwe sindano inayodumu wiki mbili hadi nne. Inasaidia, na angalau anajua amechomwa. Lakini ikishaingia haitoki, hata ikimletea madhara, na isipokuwepo hospitalini familia huandikiwa ikanunue nje.

Kwa hiyo muuguzi ajibu nini? Akisema "hapana" na kuishia hapo, mama atafanya hivyohivyo, safari hii akimficha na sista. Akisema "sawa" kwa mdomo tu, amejibebesha dozi asiyoisimamia. Mimi naona uji uvumiliwe katika hali moja: mgonjwa amezidiwa kiasi cha kutoweza kuamua, na njia iliyobaki ni kamba. Hata hapo daktari ajue, iandikwe kwenye faili, ichaguliwe dawa inayokubali kusagwa, apewe yeye tu kwa kiasi kidogo cha chakula atakachomaliza, na mama aelezwe dalili za kumkimbiza hospitali. Pikipiki iwekwe kando kwa kisingizio chochote.

Tena iwe na mwisho unaojulikana, yaani tarehe ya kliniki ambapo kijana, akiwa ametulia, ataambiwa kila kitu. Muuguzi ndiye amwambie, mama asiachiwe kazi hiyo. Kijana atakasirika, na ana haki, lakini ni afadhali aikasirikie hospitali kuliko mtu anayempikia.